Furushi Lisiloyumba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Aibu. Furushi langu la miraa limeenda Leparua bila mimi.

Ilikuwa hivi. Pikapu ya Mwenda hutoka Maua asubuhi na kupita hapa Chechelesi kabla ya adhuhuri, ikielekea kaskazini. Haisimami. Miraa haingoji mtu, ikinyauka imekufa. Mwenda hupunguza mwendo kidogo tu, kama mtu aliyetaka kusalimia kisha akabadili nia, na taniboi wake, Tyson, anayesimama nyuma, hutupa furushi la kila muuzaji kuelekea meza yake. Leo langu lilipinduka hewani mara sijui ngapi, likapiga mwavuli, likadunda, likatua kwenye mkokoteni wa punda wa muuza maji aliyekuwa anarudi kwao Leparua. Punda hakuhisi. Mwenye punda alikuwa na simu sikioni. Nilikimbia mpaka pumzi ikaisha. Nimerudi na kiatu kimoja.

Gatwiri, ambaye meza yake iko mbele kidogo ya yangu, upande uleule wa barabara, alidaka lake kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anakoroga uji. Halafu akaniuliza kama ningependa uji. Nilikataa. Ulikuwa unanukia vizuri.

Jioni ikawa mbaya zaidi. Mwenda, akirudi na gari tupu, alisimama hotelini kunywa chai akatuita sisi wawili. Akasema amechoka na mafurushi yanayopotea na lawama zinazofuata. Kuanzia wiki ijayo Chechelesi itakuwa na meza moja tu ya kupokea. Jumanne ijayo Tyson atatupa mafurushi mawili kama kawaida. Yule ambaye lake litafika mezani kwake au mkononi mwake, huyo ndiye atapokea ya wote. Mwingine atakuwa anachukua kwake.

Yaani mimi, Habsa, Mama Kowsar, niliyeuza miraa kwenye kona hii tangu Gatwiri akiwa bado msichana wa shule, niende kwa Gatwiri na kikapu. Kama mteja.

Nimekunywa chai bila sukari na sikuona tofauti. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata. Wazo lilikuja nikichambua mchele.

Marehemu babu alikuwa askari wa Waingereza. Alituambia kwamba bunduki za zamani zilikuwa laini ndani ya mtutu, na risasi yake ilienda kama mlevi anayetafuta mlango. Kisha watu wakachonga mifereji ya kujipinda ndani ya mtutu. Risasi ikawa inatoka ikizunguka kama pia ya watoto, na kitu kinachozunguka vizuri hakipinduki ovyo. Sisi watoto tulidhani anatutafutia usingizi. Kumbe alikuwa ananiachia urithi.

Furushi langu halizunguki. Linapinduka. Hayo ni mambo mawili, na shida yangu yote iko katikati yake.

Nilimweleza binti yangu Kowsar, ambaye anafundisha fizikia katika shule moja ya Burat na sasa yuko nyumbani kwa likizo. Nilitarajia acheke. Aliweka simu chini, jambo ambalo halijatokea tangu Ramadhani. Akasema watu wanaounda risasi na makombora hawakisii. Wanakiweka kitu ndani ya bomba kubwa, kitu kimetulia, halafu wanapuliza upepo kwa nguvu na kutazama kinavyofanya. Kwa kitu chenyewe, akasema, kupita kwenye hewa iliyotulia na kupitwa na hewa kikiwa kimetulia ni sawasawa.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nimekuwa nikilirudia neno hilo kichwani siku nzima. Basi mtu aliyesimama tu kwenye upepo wa Agosti hapa Isiolo ni kama anakimbia. Ndiyo maana tunachoka.

Kowsar anasema hiyo si sababu. Mimi naona ni sababu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda kwa Akal, fundi wa kuchomelea milango ya chuma nyuma ya mtaa wetu. Akal ni Mturkana mrefu asiyeuliza maswali, sifa adimu mjini hapa. Nilimwambia nataka bomba la upepo. Akauliza maji yatapita wapi. Nikasema maji hayapiti, unapita upepo. Akauliza upepo unaenda wapi. Nikasema hauendi popote, unapita tu sisi tuutazame. Akavaa miwani yake ya kazi, akasema sawa.

Kufikia alasiri lilikuwa limesimama uani kwetu. Mapipa matatu ya mafuta yaliyotobolewa pande zote mbili, yamechomelewa mfululizo, yamelazwa juu ya mbao. Mwisho mmoja kuna feni ya rejeta kutoka kwa lori lililokufa, inayozungushwa na injini ndogo ya pampu ya maji. Katikati kuna dirisha la plastiki ngumu la kuchungulia. Akal ameweka pia kishikio cha kuongeza na kupunguza kasi.

Tulipowasha, kuku wa jirani walihama. Mtandio wa Kowsar uling'oka kichwani ukatua juu ya mgunga.

Akal hakutaka malipo, ila ruhusa ya kukaushia humo rangi za milango yake. Nimekubali. Sayansi na milango vinaweza kukaa nyumba moja.

Gatwiri alipita akauliza tunachoma nini. Nikasema ni tanuri la mkate. Akasema mbona tanuri linatoa baridi. Nikasema ni mkate wa aina yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kwanza ya majaribio. Nitaandika kwa makini, maana huenda watu wakauliza baadaye.

Furushi ni miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, nene upande mmoja, nyembamba upande wa pili, urefu kama mkono. Akal alilivisha pete ya bati yenye beringi ya baiskeli, kisha akaining'iniza pete kwa uzi wa nailoni katikati ya bomba. Hivyo furushi laweza kuzunguka, laweza kuyumba, laweza kuinama. Haliwezi kutoroka.

Akawasha. Likazunguka. Lenyewe. Hatukuligusa. Machozi yalinilenga kidogo. Nikamwambia Kowsar kazi imekwisha, babu apumzike kwa amani.

Kowsar akasema ngoja kwanza. Akaenda ndani akaleta chetezo changu cha ubani, kile cha wageni, akakiweka mbele ya feni. Moshi uliingia bombani ukajisokota kama kamba. Basi nikaona. Furushi halikuwa linazunguka kwa akili yake. Feni inausokota upepo, na upepo unalisokota furushi. Kowsar akasema barabarani upepo haujisokoti hivyo, na ukilipa furushi upepo wa uongo litakupa jibu la uongo.

Niliudhika. Lakini nilibaki dirishani. Nimeishi na upepo maisha yangu yote. Umenijaza vumbi machoni, umeniangushia mwavuli, umenifunulia mguu mbele ya shekhe. Sikuwahi kuuona. Leo nimeuona. Unafika mbele ya furushi, unagawanyika, unapita huku na huku ukilikumbatia, halafu kwa nyuma unashindwa kukutana vizuri, unajikunja vijiduara vidogo vidogo vinavyokimbizana mpaka nje.

Kwa nini nyuma na si mbele? Nilimuuliza Kowsar. Akanieleza. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine. Nilisahau kuuza.

Ijumaa, 8 Agosti

Kowsar alileta vipande vya paipu za plastiki kutoka kwa fundi bomba, vifupi vyote, na Akal akavipanga mbele ya feni kama sega la nyuki. Upepo ukitaka kupita lazima upite kwenye vitundu vile, na ukitoka huko umesahau kujisokota. Ubani tena. Moshi ulinyooka kama uzi wa fundi cherehani.

Na furushi? Halikuzunguka hata mara moja. Lilitikisa kichwa, likainama, likageuka ubavu kwa upepo na kubaki hivyo, limetulia kabisa. Tukalinyoosha. Likarudi ubavu. Hivyo ndivyo linavyopenda kuwa. Miaka yote hii Tyson amekuwa akirusha mlango.

Kowsar anasema ni kwa sababu upepo unalisukuma mbele ya mahali uzito wake ulipo, na kitu kinachosukumwa hivyo lazima kigeuke. Dawa ni uzito uende mbele na mkia ushike upepo nyuma. Nimeelewa. Ni kama mkokoteni: ukiuvuta unakufuata, ukiusukuma unakwenda kwa jirani.

Mabaya ya leo ni mawili. Ile miraa ya majaribio nilimuuzia mteja wangu wa zamani, dereva mstaafu wa malori. Alitafuna, akasema ina ladha ya harusi na gereji kwa pamoja. Akairudisha na kwenda kwa Gatwiri.

La pili, Gatwiri ameambiwa na mtu, au amemwambia mtu, kwamba natoa majini kwa moshi na pipa. Baada ya sala ya Ijumaa alikuja mama mmoja kuuliza kama pipa langu linatibu kichwa. Nilimfukuza. Halafu nikamwita tena, kwa sababu nilitaka kujua baibui hufanyaje kwenye upepo ulionyooka. Alisimama kwenye mdomo wa bomba muda mrefu. Baibui lilipepea vizuri sana. Akasema kichwa kimepona.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Nilikuwa nashona.

Nimelishonea furushi kanzu. Ni ya gunia, imebana, mbele imechongoka. Ndani ya ncha kuna kifuko cha mchanga. Mimi nilitaka nati za lori, lakini Kowsar alisema tunarusha miraa, hatupigani vita. Nyuma kuna mapezi manne niliyokata kwenye jerikeni, yamepindwa kidogo, yote upande mmoja, ili upepo ukipita uyazungushe. Ndani tumeweka nyasi kavu badala ya miraa. Wateja wana mdomo.

Akal alianza polepole. Furushi liliinua pua, likaelekea upepo unakotoka na kutulia, kama mtoto aliyeitwa kwa majina yake yote matatu. Kisha likaanza kuzunguka. Polepole, halafu upesi. Halikuyumba. Akal alivua miwani. Kowsar alijishika mdomo.

Akaongeza kasi. Hapo likaja jambo. Mkia ulianza kuchora duara. Dogo, halafu kubwa, halafu kubwa zaidi, mpaka uzi wa nailoni ukawa unalia. Nikapiga kelele Akal apunguze. Hakusikia vizuri, akaongeza. Duara likatoweka. Furushi limetulia tuli, linazunguka kama pia.

Tukarudia. Kasi juu, kasi chini, juu tena. Kila mara palepale duara linakuja, na ukipapita linaondoka. Kama mtu anayekutoza ushuru kwenye daraja moja tu.

Kowsar aliketi kwenye ndoo akatueleza. Furushi lina mwendo wake wa kuyumba, haliuchagui. Lina pia mwendo wa kuzunguka, na huo unaongezeka na upepo. Miendo miwili ikilingana, kila mzunguko unausukuma kila myumbo kwa wakati wake, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Bembea inapanda. Ikishatofautiana, hakuna tena wa kusukuma.

Nikauliza: basi tukiyanyoosha mapezi kidogo, lizunguke taratibu, miendo hiyo isikutane kwenye kasi ya pikapu? Kowsar alinitazama. Akasema, "Mama, hilo ni swali zuri sana." Nina umri wa kuwa na wajukuu na sentensi ile ilinifurahisha kuliko mahari.

Tukayanyoosha. Duara likahama. Tukayanyoosha tena, likahama zaidi, mpaka Akal akakosa kasi ya kulifikia. Tumelihamisha kama watu wanaohamisha mbuzi.

Nilikuwa nimemsahau Gatwiri kabisa hadi nilipoona uso wake upande wa pili wa dirisha. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akauliza kwa nini lile duara lilikuja na kuondoka. Lilikuwa swali langu hasa. Kwa hiyo nilifunika dirisha na kipande cha mabati.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzozo na Kowsar. Alitaka leo asubuhi tupande pikipiki ya Akal, tukimbie nayo barabarani na kutupa furushi mara kadhaa kuelekea meza. Nikamwambia Gatwiri ataona kila kitu. Akasema aone, kwani atafanya nini. Nikasema siri ni siri.

Akasema: "Mama, bomba uliliuliza kama furushi litayumba. Limekujibu. Hujaliuliza litafika wapi."

Nikamjibu kwamba kitu kisichoyumba huenda kinakotumwa. Nililipenda jibu hilo na bado nalipenda. Lakini Kowsar ni mwalimu, hanyamazi swali likiwa wazi. Akasema furushi la zamani, kwa kupinduka kwake, lilikuwa linakamata hewa kama mwavuli na kupoteza mwendo, na mkono wa Tyson umezoea hilo. Hili jipya halikamati hewa. Nikamwambia mkono wa Tyson utajifunza. Akauliza utajifunza lini, na kesho anatupa mara moja. Nikamtuma dukani kununua majani ya chai. Tunayo majani ya chai.

Jioni nilimvizia Tyson hotelini na sahani ya sambusa. Nikamkabidhi kanzu ya furushi aende nayo Maua, watu wa huko waifungie miraa yangu. Aliigeuza huku na huku. "Mathe, hii kitu iko na mkia kama ya samaki." Nikamwambia asiogope mkia. Nikamwambia jambo moja tu, na nilimfanya alirudie: atupe kama anavyotupa siku zote, mahali palepale, nguvu ileile, asibadilishe chochote. Aliapa kwa jina la mamake.

Mwenda, kutoka meza nyingine, alisema hata nikilivalisha furushi suti yeye hana shida. Meza ni meza.

Moyo unapiga. Nimeswali na kuomba lisiyumbe.

Jumanne, 12 Agosti

Halikuyumba.

Watu walikuwa wengi. Mwenda huwa anatangaza mambo kila anakokunywa chai. Nilivaa baibui jipya. Gatwiri alikuwa kwenye meza yake na aproni, amekunja mikono. Kowsar alisimama kati yetu, ukutani, hataki kuonekana wa upande wowote.

Pikapu ikatokea. Ikapunguza mwendo kwa kiwango chake cha kawaida, ambacho ni kidogo sana. Tyson aliinuka, akalitupa langu pale anapolitupa siku zote, gari likiwa kwenye nguzo ya stima kabla ya kunifikia. Mtu mwaminifu.

Lilitoka mkononi mwake ubavu. Kisha, hewani, mbele ya macho ya watu, likageuka. Pua mbele, kule pikapu inakoelekea. Mapezi yakaanza kuzunguka. Mimi nimenyoosha mikono. Likapita mbele ya kifua changu, taratibu, limenyooka, mtu angeweza kusoma maandishi ya gunia. Likanipita. Halikunitazama. Likaendelea sambamba na pikapu kama abiria aliyelipa nauli ya mbali. Watu wote wakageuza vichwa pamoja. Na likatua juu ya meza ya Gatwiri, pua kwanza, katikati kabisa ya kitambaa chake cha maua.

Gatwiri wakati huo alikuwa anadaka lake. Kwa mkono mmoja.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Mwenda, pikapu ilisimama. Alishuka, akaizunguka meza, akaliinua furushi langu, akalirudisha. Akauliza nani amelitengeneza. Nikasema mimi, na binti yangu, na Akal. Akasema tangu aanze kazi hajaona kitu kikitupwa na kufika vizuri hivyo. Halafu akasema Gatwiri ameshinda.

Nikamweleza habari za uzito na mkia. Nikamweleza miendo miwili na bembea. Watu walisogea karibu kusikiliza; wengine waliuliza maswali mazuri. Mwenda alisubiri nimalize, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Mama Kowsar, mimi nilisema meza. Kuyumba sikusema."

Tyson alikuwa amesimama na kichwa chini. "Mathe, si ungeniambia tu nitupe mapema kidogo?"

Kowsar hakusema neno. Alinishika mkono tukarudi nyumbani. Ningependa zaidi angesema.

Nimekaa karibu na bomba mpaka Akal akaja kutoa mlango wake. Ulikuwa umekauka vizuri. Mimi nafikiria kona yangu. Kesho nitabeba kikapu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimebeba kikapu. Nilitembea polepole nikitunga maneno ya kiburi, manne au matano, yote mazuri.

Gatwiri alikuwa ameliweka furushi langu la leo kando, halijafunguliwa, limefunikwa kwa gunia lenye maji lisinyauke. Akasema, "Mama Kowsar, hii yako sijagusa." Maneno yangu ya kiburi yakakosa mahali pa kukaa. Akasema tena kwamba hataki nije kwake na kikapu kama mgeni. Nilete meza yangu niiunganishe na yake. Mwavuli wangu ni mkubwa kuliko wake, na jua la hapa halijui Mmeru wala Msomali. Wateja wake wangu, wangu wake.

Nikauliza anataka nini. Mtu hatoi nusu ya meza bure.

Akainama akanong'ona. Anataka kuona lile duara.

Basi alasiri tulifunga mapema. Akal akawasha. Tuliyapinda mapezi tena, na Gatwiri akaona duara likija, na akaona likiondoka. Alisimama dirishani kama nilivyosimama mimi. Akauliza mwiko ungefanya nini. Tukaweka mwiko. Ukageuka, kichwa mbele, mpini nyuma, ukatulia. Akauliza habari za mandazi. Andazi lilikaa ubavu. Tukaweka kiatu changu kile kilichobaki pekee. Kiatu kilifanya mambo ambayo Kowsar mwenyewe alisema hana maelezo yake. Tulicheka mpaka Gatwiri akakaa chini na kusema kwa Kimeru jambo ambalo hakutaka kulitafsiri.

Tyson ameomba kanzu za mafurushi ya wauzaji wote wa njia yake. Kowsar, bila kuniuliza, alipanda pikipiki ya Akal akamtupisha Tyson mara nyingi barabarani mbele ya kila mtu, kisha akachora mstari wa chaki mahali pa kuachia. Baada ya hapo furushi halikukosa meza hata mara moja. Ilimchukua muda mfupi hivi kwamba niliona haya kwa niaba ya mtu fulani.

Jioni Kowsar alinikalisha. Akataka niahidi mambo mawili. Kwamba kabla ya kurusha kitu chochote tena nitajiuliza kitafika wapi. Na kwamba nitakijaribu nje kwanza, hata kama watu wanaona. Niliweka mkono kifuani nikaahidi. Nilimaanisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Biashara nzuri. Mimi na Gatwiri tunauza kwa pamoja na kugombana kidogo tu, kuhusu kiti.

Leo gari la mayai kutoka Meru lilisimama mbele yetu asubuhi nzima. Husimama kila duka. Dereva hushuka, hufungua mlango, hubeba trei moja kwa mikono miwili kama anayebeba bibi harusi, hurudi, hubeba nyingine. Wateja wetu hawatuoni. Nilimuuliza kwa nini hatupi. Akacheka. Nikamuuliza kama amewahi kulijaribu yai kwenye upepo ulionyooka. Akaacha kucheka, akasema hajawahi. Hakuna aliyewahi. Watu wanasema tu mayai hayatupwi, na hakuna mtu aliyeliuliza yai.

Mimi nimeliuliza. Nimelishonea kikanzu kidogo cha sufi chenye mkia, nikaliweka bombani. Gatwiri alikuwa dirishani, Akal kwenye kishikio. Kasi zote, juu mpaka chini. Linazunguka kama limezaliwa kwa kazi hiyo. Halikuyumba hata kidogo.

Kowsar akauliza kama nimejiuliza litafika wapi. Nikasema bila shaka nimejiuliza. Litafika dukani. Akauliza kama nitalijaribu nje kwanza. Nikamwambia hakuna haja, si amejionea mwenyewe kwamba haliyumbi? Akachukua simu yake akatoka nje.

Dereva amekubali. Jumatatu atapita bila kusimama na atatupa trei moja ya kuanzia, yai baada ya yai. Gatwiri anashona vikanzu vilivyobaki. Nimemwambia mwenye duka lililo nyuma yetu asimame mlangoni, anyooshe mikono, na asiogope.